Masomo ya mtoto hupangwa kidato cha kwanza, si baada ya matokeo



Wiki hii naomba tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi tunalipa ada, tunanunua sare na madaftari, lakini lenyewe hatuligusi. Nalo ni kupanga masomo ya mtoto tangu anapoingia kidato cha kwanza mpaka anapomaliza cha sita. Na kwa kuwa anayetaka kuwausia wenzake hana budi kuanza na nafsi yake, nitaanza na kosa lililotokea ndani ya ukoo wangu.

Januari 2024 yalitoka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023. Miongoni mwa waliofanya mtihani ule ni binti wa kaka yangu. Kaka anaishi Matiri, wilayani Mbinga, ananunua na kuuza mahindi na kahawa. Mimi naishi Dar es Salaam. Kwa miaka minne nilichangia ada ya hosteli na nauli za binti huyu, na kila nilipopiga simu niliuliza maswali mawili tu: anaendeleaje, na anahitaji nini. Sikuwahi kuuliza anasoma masomo gani.

Februari nilisafiri kwenda kwao. Binti alinipokea mkoba, akaniamkia, "Shikamoo baba mdogo," kisha akaingia ndani na hakutoka tena mpaka baada ya swala ya Isha. Nilielewa kuwa kuna jambo. Kaka akaniletea karatasi ya matokeo. Kiswahili C, Biolojia D, Uraia D, Elimu ya Dini ya Kiislamu B. Masomo mengine yote F. Fizikia na Kemia hazikuwemo kabisa.

Kaka akasema, "Mdogo wangu, mimi naona amefaulu manne. Mwaka huu aende chuo cha uuguzi, ndicho anachokitaka tangu mdogo."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipokosa maneno. Vyuo vya afya ngazi ya diploma hutaka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na kwa uuguzi au utabibu ndani ya manne hayo lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Kwa hiyo binti yetu hakuwa na manne. Alikuwa na matatu. Na kati ya yale matatu ya lazima, alikuwa na moja.

Nilimwita, nikamuuliza kwa upole ilikuwaje akaacha Fizikia na Kemia. Akajibu kwamba walipoingia kidato cha tatu waligawanywa kwenye michepuo, rafiki zake wote wakaenda sanaa, naye akaenda nao. "Fomu niliileta nyumbani, baba akaweka sahihi." Kaka alikumbuka. Ilikuwa wakati wa palizi ya mahindi. Alisaini bila kusoma, kama mtu anavyosaini risiti.

Sitaki kuilaumu shule, maana karatasi ililetwa nyumbani. Wala sitaki kumlaumu kaka peke yake, ambaye elimu yake ni darasa la saba. Wa kulaumiwa ni mimi niliyesoma, ninayejua mlango upi unafunguka kwa ufunguo upi, na nikanyamaza. Na hakika jambo hili haliko Matiri tu. Liko Temeke, liko Tanga, liko Ujiji. Sisi wa mjini tuna simu zenye intaneti mfukoni, lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja hivi sasa masomo ya mtoto wao wa kidato cha pili?

Basi tujifunze. Kanuni yenyewe ni moja: anza mwishoni, rudi nyuma. Chukua karatasi. Juu kabisa andika kazi au fani anayoitaka mtoto. Chini yake andika masomo yanayotakiwa na chuo au chuo kikuu. Chini yake andika tahasusi ya kidato cha tano, ile ambayo vijana huiita kombi. Chini yake masomo ya kidato cha tatu na cha nne. Na chini kabisa, alama zake za sasa. Ukiisoma karatasi hiyo kutoka chini kwenda juu utaona kama kuna daraja lililokatika.

Nitoe mifano. Anayetaka udaktari wa binadamu anahitaji kufaulu Fizikia, Kemia na Biolojia kidato cha sita, yaani PCB. Akichukua CBG, ambayo badala ya Fizikia ina Jiografia, njia ya udaktari imekatika, ingawa njia za kilimo na mazingira bado zipo. Anayetaka uhandisi anahitaji Fizikia na Hisabati, kwa hiyo PCM au PGM. Anayetaka uhasibu ana ECA, yenye Uchumi, Biashara na Uhasibu, au EGM. Anayetaka sheria au uandishi wa habari ana HKL, HGL na nyinginezo za sanaa na lugha. Tusidhani kuwa sanaa ni jalala la walioshindwa. Mtoto mwenye kipaji cha lugha akilazimishwa Fizikia kwa ajili ya sifa za baba naye amedhulumiwa.

Sasa tuangalie vituo vya safari yenyewe, maana kila kimoja kina swali lake.

Kituo cha kwanza ni kidato cha kwanza. Chini ya mtaala mpya ulioanza kutumika kwa awamu mwaka 2024, elimu ya sekondari ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Mkondo wa amali unamfundisha mtoto masomo pamoja na ufundi au fani ya kazi. Mzazi, uliza mapema: shule aliyopangiwa mtoto wangu inatoa mkondo upi, na kama ni amali, ni fani gani? Usisubiri kuambiwa na mtoto.

Kituo cha pili ni kidato cha pili, na hapa ndipo nilipopata somo langu. Kwa utaratibu aliosoma binti yetu, Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Biolojia, Uraia, Historia na Jiografia vilikuwa vya wote. Fizikia na Kemia ziliweza kuachwa kidato cha tatu. Mlango huu hufungwa kimya kimya. Hakuna sherehe, hakuna mtihani wa kulia, ni karatasi tu ya kusaini. Mtoto wa miaka 15 anaachiwa aamue juu ya umri wa miaka 30, na anaamua kwa kuangalia rafiki yake ameketi wapi.

Kabla ya kusaini, nenda shuleni mwenyewe. Uliza mambo matatu. Alama za mtoto katika somo hilo tangu kidato cha kwanza zikoje? Mwalimu wa somo hilo yupo? Maabara inatumika au ni jengo tu? Kama mtoto anaweza lakini mwalimu hayupo, ni bora kujua hapo, wakati bado kuna nafasi ya kutafuta uhamisho au masomo ya ziada, kuliko kugundua miezi miwili kabla ya mtihani.

Kituo cha tatu ni kidato cha nne. Baraza la Mitihani hupanga daraja kwa masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, na 26 hadi 33 la nne. Wengi tunaishia kuuliza, "Amepata daraja gani?" Hilo ni swali la nusu. Mtoto anaweza kupata daraja la pili na bado asiwe na alama za tahasusi aliyoitaka. Kwenda kidato cha tano kunahitaji angalau C katika masomo matatu, na alama zake ziendane na tahasusi. C tatu zilizotawanyika, moja Kemia, moja Historia, moja Kiswahili, hazijengi nyumba. Na Hisabati tusiiache ife mikononi mwetu, maana PCM, PGM na EGM hazimkubali aliyeifeli.

Baada ya matokeo, wanafunzi hupewa muda wa kubadili machaguo yao kwenye mfumo wa TAMISEMI wa mtandaoni. Muda huo ukipita umepita. Wapo watoto waliojaza tahasusi kwa kubahatisha kabla ya mtihani, matokeo yakaja tofauti, na hakuna mtu mzima aliyeketi nao kubadilisha.

Kituo cha nne ni kidato cha tano. Machi 2024 zilitangazwa tahasusi 65, ambapo 49 ni mpya na 16 ni zile tulizozizoea. Ni jambo jema, na zimo zenye masomo ya dini, michezo na sanaa. Lakini wingi wa milango hauondoi haja ya kujua kila mlango unaingia chumba gani. Kabla ya kuchagua tahasusi mpya, fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu uone ni shahada zipi zinazoipokea.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja, nalo ni somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Nasema wazi ili nisieleweke vibaya: mtoto alisome, alifanyie mtihani, na alifaulu. Lakini tumwambie ukweli kuwa sifa ya kuingia diploma huhesabu masomo manne yasiyo ya dini. B ile ya binti yetu ilikuwa ndiyo alama yake bora kuliko zote, na sote tulifurahi, lakini haikuingia kwenye hesabu ya chuo. Kwa hiyo somo hili liwe nyongeza juu ya manne, lisiwe mojawapo ya manne. Mwalimu wa madrasa anayemhimiza kijana kulisoma amhimize pia, kwa nguvu ileile, asiache Kemia.

Nikiwa Matiri niliona pia kuwa hatuwafundishi watoto kuangalia mazingira yao. Wilaya hiyohiyo ya Mbinga ina makaa ya mawe ya Ngaka, yanayochimbwa tangu 2011, na malori yake yanakwenda mpaka bandari ya Mtwara. Ina kahawa, na ina kituo cha utafiti wa kahawa pale Ugano. Barabara ya lami kutoka Mbinga imefika Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, ambako kuna bandari. Mgodi unataka mhandisi na mjiolojia, waliotoka kwenye Fizikia, Kemia na Hisabati. Kahawa inataka bwana shamba, aliyetoka kwenye Kemia na Biolojia. Bandari inataka mhasibu na fundi mitambo. Kijana anayaona malori hayo kila siku, na hakuna aliyemwambia kuwa safari ya kufika kule inapitia kwenye daftari lake la Hisabati.

Tukumbuke kisa cha Nabii Yusuf (as). Aliposhauri kuhusu njaa hakuanza kufikiri siku ghala zilipokuwa tupu. Aliipanga miaka ya shibe kwa ajili ya miaka ya shida. Kidato cha kwanza na cha pili ndiyo miaka ya shibe.

Msomaji atataka kujua binti yetu aliishia wapi. Hatukumwacha. Alijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, akasoma Kemia na Fizikia kwa miezi michache, masomo ambayo wenzake waliyasoma kwa miaka minne, na akafanya mtihani Novemba 2024. Kemia alipata D. Fizikia alipata F. Uuguzi haukuwezekana. Lakini vyeti viwili vilipowekwa pamoja akawa na Kiswahili, Biolojia, Uraia na Kemia, manne yasiyo ya dini, na fani ya dawa inataka Kemia na Biolojia. Sasa anasomea dawa. Alhamdulillah. Ila mwaka mmoja umepotea, fedha zimepotea, na ndoto yake ya kwanza imebaki Matiri. Siku anaondoka aliniambia, "Baba mdogo, yule mdogo wangu yuko kidato cha pili. Umuulize yeye mapema."

Nimeshamuuliza. Karatasi yake iko ukutani kwa kaka, na kaka ndiye anayemkagua.

Ombi langu kwa misikiti yetu ni dogo. Kila mwaka, kati ya Desemba na Januari, tengeni siku moja baada ya darsa. Waiteni watoto wa kidato cha pili na wazazi wao. Muuguzi wa mtaani kwenu, mhasibu, fundi na mwalimu waje waseme walisoma masomo gani. Haihitaji bajeti, wala mgeni rasmi, wala muziki wa kufungulia. Inahitaji saa mbili na karatasi.

Na wewe unayesoma makala haya, kabla hujalikunja gazeti, mwite mtoto wako. Usimuulize amekuwa wa ngapi. Muulize anasoma nini, na yanampeleka wapi.

Wabillahi tawfiq.