Safari Ndefu ya Melini

Swali: Sisi ni mke na mume vijana wa Tumbi, Kibaha. Je, tulipie safari ya mwezi mzima katika meli ya watalii?

Jibu: Wapendwa, kabla hamjatoa hata arubuni, shukeni Dar es Salaam mpande boti hadi Unguja na kisha Pemba, tena mwezi Julai, kusi ikivuma, kwani katika mkondo ulio kati ya visiwa hivyo, abiria wakiwa wameshikilia mifuko ya kutapikia, ndipo mtakapojua kama mnaistahimili bahari. Ujana wenu si hoja. Hoja ni wasaa, maana Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na safari hiyo itaimaliza yote. Ulizeni pia viza za kila bandari na masharti ya kurejeshewa fedha mkighairi. Rai yangu: anzeni na safari ya juma moja, hiyo ya mwezi iakhirisheni.