Baraza Limebanduka, Riali 95 Zimekwenda: Kagua Kazi ya Fundi Ukiwa Mbali

Dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat alituma riali 95 nyumbani Tanga ili sakafu ya baraza la mama yake itengenezwe upya. Ya zamani ilikuwa na nyufa, na mama ni mtu mzima, anajikwaa. Fundi alifanya siku mbili, picha ikaja WhatsApp: baraza linang'aa kama kioo. Akamaliziwa hela yote siku hiyo hiyo. Masika yalipoanza, niru ikabanduka vipande vipande, na maji yakawa yanaelekea mlangoni badala ya kutoka nje.

Alinitumia bili akiuliza kama ana cha kudai. Mimi ni mhasibu, si fundi, kwa hiyo nikaanza na hesabu. Bili inasema mifuko 7 ya simenti. Baraza ni mita 4 kwa 2, yaani mita za mraba 8. Sakafu mpya yenye unene wa sentimita 4, ndoo moja ya simenti kwa ndoo tatu za mchanga, inakula kama mifuko 3 ya kilo 50. Sasa kile kipande kilichobanduka, mpwa wake alikipima kwa rula: milimita 5. Unene huo kwa eneo lile hauli hata nusu mfuko. Kwa hiyo hata kabla ya kubishana kuhusu ubora, kuna mifuko zaidi ya 6 haijulikani iliko.

Kwa nini ilibanduka? Ndugu zangu mlioko saiti haya mnayajua kuliko mimi. Simenti mpya haishiki kwenye sakafu kuukuu iliyo laini na yenye vumbi. Lazima itinduliwe iwe na makwaruzo, ioshwe, ilowanishwe, ndipo imwagwe mpya. Halafu inatakiwa imwagiliwe maji au ifunikwe magunia mabichi kwa siku 7 hivi, maana ikikauka haraka juani inapasuka. Fundi aliyekabidhi kazi siku ya pili hakumwagilia chochote. Tena picha haionyeshi hata kimoja kati ya hivyo. Sakafu mbovu ikiwa mbichi inapendeza kuliko nzuri iliyokauka.

Kwa hiyo usilipe kwa picha. Simenti na mchanga lipia dukani moja kwa moja, risiti itumwe kwako. Ya ufundi igawe. Mimi ningetoa theluthi baada ya kuona video ya sakafu iliyotinduliwa na kuoshwa, theluthi baada ya kumwaga, na ya mwisho baada ya wiki mbili. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Siku hiyo mtu apige simu ya video, agongegonge sakafu yote kwa sarafu au kijiti: inapolia kama debe tupu, hapo haijashika. Kisha amwage ndoo ya maji karibu na mlango, uone yanakwenda wapi. Mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita kuelekea nje unatosha. Makubaliano yote yaandikwe kwa ujumbe kabla ya kuanza, pamoja na unene.

Kuhusu msimamizi, tuseme ukweli: kaka au mjomba anayesimamia bure mara nyingi anajilipa mwenyewe kwenye mifuko. Mpe posho yake waziwazi, kiasi kinachojulikana, nawe utakuwa na haki ya kumdai video kila hatua.

Dada yetu sasa ana bili, vipimo na picha ya kile kipande pembeni ya rula. Nimemshauri kaka yake apeleke vyote ofisi ya serikali ya mtaa, fundi aitwe, wazungumze mbele ya mwenyekiti. Asidai riali 95 zote, maana hapo fundi atazima simu. Adai simenti ya mifuko 3 na kazi irudiwe. Na kwa kuwa mteremko wenyewe ulikosewa, kuziba viraka hakutasaidia. Niru yote itoke, hata iliyoshika, na kizingiti cha mlango kipimwe kwanza kama kinaruhusu sakafu kupanda sentimita 4.