Somo la Kiingereza: "Put out" na "put off"

Wasomaji wetu, "put" peke yake ni kuweka. Lakini likifuatwa na neno dogo kama "out" au "off", habari ya kuweka hutoweka kabisa. Yafaa tuyatofautishe maneno haya, maana kuyachanganya kwaweza kumtia mtu hasara.

Katika Kiswahili twazima moto, na redio vilevile twaizima. Waingereza hugawanya. Kitu chenye mwali au kaa la moto ni "put out". Redio au mashine ni "switch off". Mathalani, tarehe 28 Juni 2018 moto uliteketeza sehemu ya soko la Gikomba, Nairobi, na watu 15 wakafa. Ukisimulia kazi ya wazima-moto siku ile utasema: "They put out the fire." Ukisema "put off the fire", Mwingereza atashangaa, kwani kwake ni kama moto umeahirishwa hadi siku nyingine!

Naam, "put off" ni kuahirisha, na hapa ndipo penye hatari. Tuseme mwenye kibanda huko Gikomba, kando ya Mto Nairobi, apata barua hii: "The removal of stalls has been put off until Monday." Akidhani "put off" ni kuzima, ataona shauri limezimika, ataacha marobota yake ya mitumba humo na kulala usingizi. Kumbe vibanda vitaondolewa Jumatatu! Kama shauri lingalifutwa kabisa, barua ingalisema "called off". Basi shika hili: lililo "put off" lingali laja, lililo "called off" haliji tena.

Angalieni pia mpango wa maneno. Waweza kusema "put out the fire" au "put the fire out". Lakini ukitumia "it", sharti likae katikati: "put it out", "put it off". Usiseme kamwe "put off it".

Zoezi. Jazeni neno lililopungua:
1. The meeting was put ... until Friday.
2. Put ... your cigarette before you enter the timber yard.
3. There will be no match at all. It has been called...

Majibu: 1. off, 2. out; 3. off.

Upatapo barua yenye maneno ya namna hii, usikisie. Tazama kwanza lile neno dogo.