WADUDU WAWILI WA MAUA NA MAKAO YAO

Katika nyanda za Karatu, chini ya msitu wa Ngorongoro, mbaazi na maharagwe yachanuapo, yampasa mkulima kupambanua mbawakawa wawili kabla ya kushika dawa.

1. Mbawakawa mbiringikaji ni mdogo, mgongo umepinda, mkia umechongoka. Akiguswa hujirusha na kubiringika. Hula unga wa maua. Funza wake hukaa katika miti iliyooza au mashina ya magugu. Huyu aachwe.

2. Mbawakawa wa malengelenge ni mkubwa, mweusi mwenye mistari ya manjano au myekundu. Hula ua lenyewe, na ua lililoliwa halizai. Maji yake huchoma ngozi. Aokotwe alfajiri, angali mzito kwa baridi, mkono umefungwa kitambaa, akatiwe katika maji ya sabuni.