Kuganda kwa Maji: Mwanzo wa Barafu na Uwezo wa Kiswahili Kuueleza

Kwa mvuvi na mchuuzi wa samaki wa Msambweni au Diani, barafu ni nyenzo ya kazi: bila hiyo, samaki huharibika upesi katika joto la pwani. Hata hivyo, mtoto wa mchuuzi huyo hufundishwa sayansi ya barafu kwa Kiingereza, kana kwamba lugha ya nyumbani haina maneno yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa maneno hayo yapo.

Neno barafu lina asili ya Kiajemi, na theluji ni la Kiarabu. Kitenzi kinachotufaa zaidi ni kuganda, kitumikacho pia kwa damu, samli na maziwa. Kutokana nacho tunapata kugandama na kugandamana, yaani kushikana. Kushikana huko ndiko hasa mwanzo wa barafu.

Vitabu husema kuwa maji huganda kwenye nyuzi 0 za sentigredi. Kwa usahihi zaidi, hicho ni kiwango ambacho maji na barafu huweza kukaa pamoja. Katika maji, molekuli hushikana na kuachana bila kukoma. Mara kwa mara chache hujipanga kama zilivyo katika barafu, kila moja ikishikana na jirani wanne. Lakini molekuli za ukingoni hukosa baadhi ya majirani. Kikundi kikiwa kidogo, karibu chote ni ukingo, basi huvunjika. Kikipita ukubwa fulani, faida ya kushikana hushinda hasara ya ukingo, nacho hukua chenyewe. Kikundi hicho tunaweza kukiita mbegu ya barafu.

Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo mbegu inayohitajika inavyokuwa ndogo. Matone madogo ya maji safi kabisa huweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Maji ya kawaida huganda mapema zaidi kwa sababu vumbi, au ukuta wa chombo, huipa mbegu mahali pa kujishikiza. Ndiyo sababu chupa ya maji safi katika friza huweza kupita nyuzi 0 bila kuganda, kisha ikagongwa na kuganda ghafla.

Ni dhahiri basi kwamba kushikana, ukingo na mbegu ni maneno yanayotosha kujenga hoja nzima. Kazi iliyobaki kwa wanafunzi wa Kiswahili ni kuyasanifisha na kuyafikisha darasani.