Jina Halifutwi kwa Amri: Mfano wa Klabu ya Gor Mahia

Makala haya yanajikita katika swali moja: je, jina laweza kufutwa kwa amri? Mfano wetu ni klabu ya kandanda ya Gor Mahia ya Nairobi.

Klabu hii iliasisiwa mnamo Februari 1968 kutokana na muungano wa timu za Waluo jijini. Waasisi hawakuipa jina la kabila, bali la mhusika wa fasihi simulizi. Gor Mahia ni mganga mashuhuri wa Kanyamwa ambaye mighani za Waluo humsimulia kuwa aliweza kujigeuza umbo na kuwaponyoka maadui. Lakabu ya klabu, K'Ogalo, nayo humrejelea babu yake.

Ushindi uliandamana na jina hilo. Klabu ilitwaa ligi mwaka huohuo wa 1968, na mwaka 1976 ikaitwaa tena bila kushindwa hata mechi moja. Mwaka 1979 ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikalazwa na Canon Yaoundé ya Kamerun.

Kisha, mnamo 1980, serikali iliagiza vilabu viache majina ya kikabila. Lengo lilikuwa umoja wa taifa, nalo si la kubezwa. Lakini tazama lugha ilivyojibu. Luo Union ikawa Re-Union. Abaluhya FC ikawa AFC Leopards: herufi AFC zilibaki, zikapewa maana mpya, na mashabiki wakashika Ingwe, yaani chui kwa Kiluhya. Gor Mahia iliitwa Gulf Olympic Rangers, maneno matatu ambayo herufi zake za kwanza ni GOR. Mganga alikuwa amejigeuza tena!

Jina hilo la kubuni halikudumu. Mwaka 1987 klabu iliyotoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis, kisha 1-1 uwanjani Kasarani, na kutwaa kombe kwa mabao ya ugenini, ilishangiliwa kwa jina la Gor Mahia. Hiyo ndiyo klabu ya kwanza ya Kenya kutwaa kombe la bara. Ukame wa miaka 18 bila taji la ligi, kuanzia 1995 hadi 2013, haukulififisha jina hilo. Kufikia 2024, klabu ilikuwa imetwaa ligi mara 21.

Tunajifunza nini? Jina Luo Union lilitaja kabila, nalo halikurudi uwanjani. Jina Gor Mahia lilibeba hadithi, na hadithi haina mipaka ya ukoo. Leo mkazi wa Mutuini, huko Dagoretti, asiyejua neno jingine la Kidholuo, hulitamka bila kusita. Amri hubadilisha maandishi ya sajili. Jina hukaa vinywani mwa watu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi, basi, asiishie kuitafuta mighani vijijini tu. Aende pia uwanjani.