Nasaba ya Baba, Uraia wa Mama



Darsa yetu ya Ruziba huwa Jumamosi baada ya Alasiri, nyumbani kwa mmoja wetu karibu na barabara ya Rumonge. Majuzi tulikuwa kwenye mlango wa mirathi, mara mwenzetu akauliza: "Kwani mimi ni raia wa wapi?" Mama yake ni Mrundi wa Buyenzi. Babu yake mzaa baba alitoka Oman, na baba hakupata hati za huko wala za hapa. Mwenzetu yuko mwaka wa pili, hana karangamuntu. Kila mtihani ukikaribia hutafuta barua ya mkuu wa mtaa na kuomba dua ikubaliwe.

Hayuko peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi limehesabu nchini mwetu karibu watu elfu moja wa asili ya Oman wasio na uraia wowote.

Kwa kuwa mimi nasoma sheria, swali likaangukia kwangu. Sheria yetu ya uraia ya 18 Julai 2000 inamfuata baba. Mama Mrundi humrithisha mtoto uraia pale baba asipojulikana kisheria, au anapomkana. Hebu tafakarini: mwenzetu angekuwa hana baba wa kuandikwa, angekuwa Mrundi. Kwa kuwa baba alimkubali mbele ya komine, akaukosa! Kuomba uraia ukubwani ni jambo jingine. Kuomba si kurithi. Na hayo yote wakati Katiba ya 2005, ibara ya 12, ilisema watoto wa wanaume na wa wanawake wa Kirundi wana haki sawa katika sheria ya uraia.

Hapo ndugu mmoja akapinga: "Si hata sisi twafuata baba? Someni Suratul Ahzab, aya ya 5." Hoja nzito, nami sikuijibu siku ile. Jibu langu sasa ni hili: aya ile inalinda nasaba, mtoto asipotezewe ukoo wake. Uraia si nasaba. Ni ahadi kati ya mtu na dola, na mwenzetu atabaki na jina la baba yake hata akibeba karangamuntu kupitia kwa mama. Kuitumia aya ya kumlinda mtoto ili kumnyima hati ni kuigeuza.

Kesi ya kusoma ni ya Unity Dow wa Botswana, aliyeolewa na Mmarekani. Mtoto aliyemzaa kabla ya ndoa alikuwa raia. Wawili wa ndani ya ndoa hawakuwa. Aliishtaki serikali, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikampa haki. Burundi iliridhia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka huohuo, na ibara yake ya 9 inampa mama haki sawa juu ya uraia wa watoto.

Watetezi wa haki wanayajua haya. Lawama yangu kwao ni moja: huyasema kwa Kifaransa, hotelini, na akina mama wa Buyenzi hawamo.

Jumamosi ijayo mama wa mwenzetu atakuja Ruziba. Tutamsomea ibara hizo kwa Kirundi na Kiswahili, kisha tuandike naye barua ya kupeleka komine. Mirathi itangoja.